Nyoka Anayegoma Kula: Ujuzi wa Kumlisha, kutoka Buyeye hadi Bustani za Nyoka

Kugoma kula ni tatizo la zamani sana katika ufugaji wa nyoka. Nyoka wa porini akitiwa kizuizini hujikunja pembeni, humwacha panya apite mbele yake, na anaweza kuendelea hivyo kwa majuma au miezi. Namna watu walivyolishughulikia tatizo hili imebadilika sana tangu karne ya 19, na sehemu ya historia hiyo inagusa nchi zilizo kando ya Ziwa Tanganyika.

Ujiji, ambayo leo imo ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Kwao, kama kwa jirani zao Wasukuma, kulikuwa na chama cha siri cha wakamata nyoka kilichoitwa buyeye. Wanachama walifundishwa kukamata nyoka, kuwatibu walioumwa, na kucheza na nyoka hadharani. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha maelezo kuhusu chama hicho mwaka 1946. Ngoma za mashindano huchezwa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na hapo maumbile ya chatu yalimfaa mchezaji: chatu aliyemeza mnyama mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asidhoofike. Kwa mtu aliyemhitaji nyoka kwa msimu mmoja tu, mgomo wa chakula haukuwa msiba.

Wazungu wa kwanza waliokusanya nyoka wa ziwa hili hawakulijua tatizo hilo kabisa, kwa kuwa walisafirisha mizoga. Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekaa Karema na kisha Mpala kati ya 1882 na 1885, alipeleka Ubelgiji mkusanyiko wa wanyama. Mwaka 1886 mwanasayansi Louis Dollo alimwelezea humo swila wa majini wa Tanganyika, akampa jina la Storms. Nyoka aliyehifadhiwa ndani ya chupa ya pombe haulizwi chakula.

Suala lilianza pale nyoka hai walipotakiwa. London ilifungua jengo la reptilia katika bustani yake ya wanyama mwaka 1849, na miji mingine ikafuata. Chatu wakubwa waliokuwa wakigoma walilishwa kwa nguvu: watu kadhaa walimshika na kumnyoosha, kisha nyama ikasukumwa kooni kwa fimbo ndefu. Bustani ya Bronx ya New York, iliyofunguliwa 1899, ilifanya hivyo mwanzoni mwa karne ya 20. Njia hiyo iliokoa baadhi ya nyoka, lakini iliumiza kinywa na koo, na mara nyingi nyoka alitapika chakula chote baadaye. Ilitibu dalili na kuacha chanzo.

Chanzo kilikuja kueleweka polepole, kwa watu walioishi na nyoka kila siku. C.J.P. Ionides, ofisa wanyamapori wa Tanganyika aliyeitwa Bwana Nyoka, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi kwa ajili ya bustani na maabara hadi alipofariki mwaka 1968. Nairobi ilipata bustani yake ya nyoka mwaka 1961. Mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mwambao wa Kigoma uko karibu mita 770. Tofauti hiyo ya kimo, inayoleta baridi, ni kubwa kwa nyoka, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto la kutosha. Akipoa, tumbo halisagi chakula, na kukataa kula ndiko kunakomsalimisha asiozewe na windo tumboni.

Ndiyo maana mfugaji mwenye ujuzi siku hizi huanza na makazi kabla ya chakula. Upande mmoja wa sanduku hupashwa joto la nyuzi 30 hivi na mwingine huachwa wa baridi kiasi. Huwekwa maficho yanayombana nyoka mwili, na maji safi. Kisha nyoka huachwa bila kushikwashikwa kwa wiki moja au zaidi. Mfugaji hutazama pia kama macho yamefifia, kwani anayekaribia kujivua gamba hali, wala chatu jike anayeatamia mayai. Humpima uzito, maana mgomo usiopunguza uzito si wa kutisha. Windo hutolewa jioni, likiwa limekwisha kuuawa na lingali na joto, kwa sababu panya hai aliyeachwa usiku kucha humtafuna nyoka asiyemtaka.

Jambo la mwisho ni aina ya windo, na hapa swila wa ziwa ni mfano mzuri. Huyu huishi kwenye miamba ya pwani na hula samaki; panya si riziki yake, hata akiwa na njaa. Nyoka akiendelea kukonda baada ya haya yote, huchunguzwa minyoo na vidonda vya kinywa. Kumlisha kwa mrija ni kazi ya daktari wa mifugo, tena hatua ya mwisho. Nchini Tanzania, kumweka nyoka wa porini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.