Miaka Sita ya Kutafuta Mlango

Kuna utani wa zamani kati ya watu wa Haskell: programu ambayo haigusi kitu chochote nje yake ina kazi moja tu, kupasha kompyuta joto. Haisomi kibodi, haiandiki kwa skrini, haitumi kitu. Inahesabu, inapata jibu, na jibu linabaki huko huko ndani. Tunacheka leo, lakini kuna watu walikaa na hiyo shida miaka, na mimi naona walifanya vizuri kutoikimbia.

Turudi nyuma kidogo. Lugha za aina hii zinaichukulia programu kama hesabu za shule. Funksheni unaipa kitu, inakurudishia jibu, basi. Ukiipa 4 leo ikupe 16, hata mwaka ujao ni 16. Raha yake ni kwamba unaweza kuamini kipande kimoja bila kukagua vingine vyote. Sasa kusoma kibodi hakuko hivyo. Uliza mtu jina mara mbili, mara ya kwanza utaandikiwa Achieng, ya pili Otieno. Funksheni ni ile ile, majibu tofauti.

Lisp ya John McCarthy, iliyoanza 1958, na baadaye ML ya Robin Milner na wenzake kule Edinburgh zilipita hapo kwa njia ya mkato: ukitaka kuandika kwa skrini, andika tu. Usafi ukavuja kidogo, maisha yakaendelea.

Haskell haikuwa na hiyo njia. Mwaka 1987 watafiti waliokutana kwa kongamano Portland, Oregon, waliamua kuunda lugha moja ya pamoja, maana karibu kila kundi lilikuwa na yake. Wakaipa jina la Haskell Curry, mtaalamu wa mantiki wa Marekani. (Walipoenda kumwona mjane wake, Virginia, aliwaambia mzee mwenyewe hakuwahi kulipenda hilo jina. Likabaki tu.) Na lugha yao ilikuwa lazima iwe vivu. Ndiyo, vivu: haihesabu kitu mpaka mtu ahitaji jibu lake.

Ona sasa uvivu unaleta nini. Chukua orodha yenye vitu viwili: "tuma 500 kwa mama" na "tuma 200 kwa Brayo". Tuseme tunatumia njia ya mkato ya Lisp, kwamba kutuma kunatokea pale tu hicho kitu kinapohesabiwa. Halafu uliza orodha ina vitu vingapi. Lugha vivu inajibu 2, na hakuna shilingi imetoka. Kwani kuna mtu alihitaji kufungua hivyo vitu? Kuhesabu tu kulitosha. Brayo akitumiwa kabla ya mama, au mama asitumiwe kabisa, lugha haijakosea kitu. Kwa hesabu safi mpangilio si hoja. Kwa pesa ni kila kitu.

Ripoti ya kwanza ya Haskell ilitoka tarehe 1 Aprili 1990, na hapana, haikuwa ya Siku ya Wajinga. Jibu lao lilikuwa la ajabu kidogo. Programu yako nzima ni funksheni inayotoa orodha ya maombi na kupokea orodha ya majibu. Ombi la kwanza: soma faili. Jibu la kwanza: hii hapa. Usafi umelindwa, lakini kuandika ilikuwa mateso. Ukichungulia jibu la tatu kabla hujatoa ombi la tatu, programu inaganda, wewe unangoja mfumo na mfumo unakungoja wewe. Kulikuwa na njia ya pili, ambapo kila hatua unaikabidhi funksheni ya kinachofuata, moja ikifaulu na nyingine ikifeli. Mtu yeyote aliyeandika JavaScript ya zamani anajua mabano yanaishia wapi.

Mlango ulitoka mahali hawakutarajia. Eugenio Moggi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, alikuwa anatafuta namna ya kueleza maana ya programu kihisabati, na mwaka 1989 akachapisha kazi iliyotumia kitu kinaitwa monadi. Hakuwa anatengenezea Haskell skrini. Philip Wadler wa Glasgow akaona inaweza kutumika kuandika programu zenyewe, na 1993 yeye na Simon Peyton Jones wakaonyesha jinsi ya kuingiza na kutoa data kwa njia hiyo.

Wazo lenyewe, ukiondoa jina la kutisha, ni hili: funksheni haitumi pesa. Inarudisha karatasi ya maagizo inayosema "tuma pesa". Karatasi unaweza kuishika, kuipitisha, kuiunganisha na nyingine: fanya hii kwanza, chukua jibu lake, upe inayofuata. Mpangilio umefungwa ndani ya maagizo yenyewe, kwa hivyo uvivu hauwezi kuuvuruga. Mwishoni inabaki karatasi moja kubwa, inaitwa main, na hiyo ndiyo kompyuta inaitekeleza. Haskell 1.3 ya 1996 ikaifanya rasmi.

Ukiandika await leo, umeshika mjukuu wa hii stori. F# ilipata namna yake mwaka 2007 ikiwa imejifunza kutoka kwa Haskell, C# ikafuata 2012, JavaScript ikaipata 2017. Kitu hawakubeba ni kile mimi nakipenda zaidi. Kwa Haskell, nikikuta funksheni ya kuhesabu ada ya kutuma pesa, naangalia aina yake kwanza. Kama haijaandikwa IO, najua imehesabu tu, haijatuma.

Mlango wa nyuma upo, sitadanganya. Unaitwa unsafePerformIO, na onyo wameliweka kwenye jina kabisa.