Auzaye gari la spoti asiliache jina lake kwenye logibuku

MTU binafsi anayetaka kuuza gari la spoti lililotumika kwa miaka mingi, tena lililobadilishwa injini, springi au bomba la moshi, hufikiria kwanza bei. Hilo ni jambo la kueleweka. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi huweza kumfika baada ya fedha kuhesabiwa na gari kuondoka, iwapo jina lake lingali katika kumbukumbu za usajili.

Biashara ya aina hii si ngeni kwa wakazi wa wadi ya Kabiro, upande wa Kawangware jijini Nairobi. Gereji za kando ya barabara katika mtaa huo na Kibera jirani hutengeneza magari ya kila namna, na si mbali na hapo, katika Barabara ya Ngong, kuna yadi zinazouza magari yaliyotumika. Anayekwepa yadi na madalali huokoa ada ya uwakala, lakini hujitwika kazi yote ya kukagua mnunuzi, fedha na hati.

Gari linalotajwa sana katika mauzo ya namna hii ni Subaru Impreza. Sifa zake zilienea nchini kupitia mbio za Safari Rally, ambapo Colin McRae aliibuka mshindi mwaka 1997 akiendesha gari hilo, naye Richard Burns akashinda nalo mwaka 2000. Aidha, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hivyo basi, atakaye Impreza ya miaka hiyo hana budi kuitafuta miongoni mwa zile zilizomo nchini. Uhaba huo humpa muuzaji nguvu fulani anapopatana bei.

Nguvu hiyo ina mipaka. Mabadiliko yaliyogharimu fedha nyingi aghalabu hayarudishi gharama yake. Turbo kubwa na rimu za bei ghali humvutia kijana mpenda kasi, ilhali mnunuzi wa kawaida huona ndani yake dalili za injini iliyochoshwa. Ndiyo maana ni busara kuhifadhi vipuri vya awali. Muuzaji anaweza kulirejesha gari katika hali yake ya kiwandani na kuviuza vile vya ziada kando, au kumkabidhi mnunuzi vyote kwa pamoja. Stakabadhi za gereji, zinazoonyesha lini klachi ilibadilishwa na mafuta ya injini yalimwagwa lini, humshawishi mnunuzi kuliko maneno. Anayetaka kauli ya mtu wa tatu anaweza kulipeleka gari likathaminiwe na chama cha AA cha Kenya.

Kabla ya kutangaza mauzo, yafaa nambari ya injini ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki, maarufu kama logibuku. Magari mengi ya spoti huwekewa injini nyingine baada ya ile ya kwanza kuharibika. Injini au rangi ikibadilishwa, msajili wa magari hupaswa kuarifiwa ili kumbukumbu zirekebishwe. Nambari zisipooana, mnunuzi makini hurudi nyuma, na polisi wanaweza kushuku kwamba gari ni la wizi. Iwapo gari liliwahi kuwekwa rehani kwa mkopo, deni hilo lazima limalizwe na mkopeshaji aondolewe kwenye hati. Tangu kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, mnunuzi anaweza kuchunguza sajili na kugundua rehani iliyofichwa.

Kuhusu kasoro, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humbana mfanyabiashara wa magari zaidi ya inavyombana mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe. Mtu binafsi hahesabiwi moja kwa moja kuwa ametoa hakikisho la ubora, ila anahesabiwa kuwa amethibitisha kwamba ana haki ya kuuza. Hata hivyo, akisema uongo ili kumshawishi mnunuzi, anaweza kushtakiwa. Kwa hivyo ni heri giaboksi inayokwaruza itajwe mapema, na itajwe kwa maandishi.

Mnunuzi akitaka kulijaribu gari, aonyeshe kitambulisho na leseni ya udereva, na muuzaji akae naye garini safari nzima. Gari lenye turbo halifai kukabidhiwa mgeni aondoke nalo peke yake. Vilevile ni lazima bima iwe hai na imruhusu dereva huyo kuliendesha.

Malipo yataka uangalifu. M-Pesa haiwezi kupitisha zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na tangu mwaka 2009 hundi za zaidi ya shilingi milioni moja hazikubaliwi na benki. Njia salama ni pesa kuhamishwa kutoka benki hadi benki, kisha muuzaji athibitishe salio katika akaunti yake mwenyewe. Ujumbe wa simu unaoonyeshwa na mnunuzi si ushahidi wa malipo.

Hapo ndipo lifikapo suala la jina. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Inamtaka muuzaji kumwarifu msajili ndani ya siku 7 tangu umiliki kuhamishwa, na hairuhusu gari kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Siku hizi uhamisho hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen: muuzaji huanzisha ombi, naye mnunuzi hulithibitisha.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2005 katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings. Kampuni ya Securicor ilikuwa ingali imesajiliwa kuwa mmiliki wa gari lililohusika katika ajali. Mahakama ya Rufaa iliiondolea lawama baada ya kuridhika kwamba gari lilikuwa limeuzwa kabla ya ajali hiyo. Kampuni ilinusurika, lakini baada ya kesi kufika Mahakama ya Rufaa. Muuzaji wa mtaani asiye na karatasi yoyote angejitetea kwa nini?

Kwa sababu hiyo, mkataba wa mauzo uandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi. Uonyeshe majina, nambari za vitambulisho, nambari za injini na fremu, orodha ya mabadiliko, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana. Muuzaji abaki na nakala, kisha aiarifu kampuni yake ya bima siku iyo hiyo.

Gari la kasi huweza kusababisha ajali, au kutumiwa katika uhalifu, usiku ule ule linaponunuliwa. Wahenga hawakuijua logibuku, lakini walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.