Ini, Damu na Mwambao wa Ziwa

Katika viungo vyote vya tumbo la binadamu, hakuna kilichowatia khofu waganga wa upasuaji kwa muda mrefu kama ini, kwani hupitiwa na takriban lita 1.5 za damu kila dakika, robo tatu yake ikiletwa na mshipa mkubwa utokao matumboni, ilhali nyama yake ni laini hata uzi ukikazwa huikata badala ya kuifunga. Carl Langenbuch, aliyemkata mwanamke mmoja kipande cha ini mjini Berlin katika miaka ya 1880, alilazimika kulifungua tena tumbo lake saa chache baadaye ili kuizuia damu, na ni fadhila kubwa kwamba mgonjwa yule alipona. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, tabibu wa Glasgow, akaonyesha njia ambayo kwangu mimi ndiyo kilele cha sanaa hii yote: kuibana kwa kidole gumba na cha shahada mishipa iingiayo katika ini, damu isimame kwa muda mganga afanyapo kazi yake. Ala zilizofuata ni nyingi, na hata ile ya mitetemo ya sauti isiyosikika, ambayo huivunja nyama ya ini na kuifyonza huku ikiiacha mishipa wazi ifungwe mmoja mmoja, haikuifuta hekima ya vidole vile.

Mmoja wa mishipa ile aliyoibana Pringle, ule utokao matumboni, ndio huohuo ambao huku Mwanza, kando ya ziwa, huzibwa na maradhi. Mvuvi aingiapo majini kuvuta wavu, au mama afuapo nguo ufukweni, vijidudu vitokavyo katika konokono wa ziwa hupenya ngozi, hukua wakawa minyoo ya kichocho cha tumbo, na mayai yao huchukuliwa na damu hadi katika matawi ya mshipa huo ndani ya ini, ambako huacha makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, ikavimbisha mishipa ya umio, hata siku moja ikapasuka na mgonjwa akatapika damu bila ya kisu chochote kumgusa. Tabibu Theodor Bilharz aliiona jamii ya minyoo hii mjini Cairo mwaka 1851. Katika hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa juu ya kilima chake mwaka 1971, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa kwa kutapika damu walikuwa na mishipa ya umio iliyovimba.

Kwa hiyo ala zinazotufaa zaidi mwambao huu si zile za kukata: ni mpira wa kupuliziwa hewa wa Sengstaken na Blakemore, wa mwaka 1950, unaoibana mishipa hiyo kutoka ndani, na vipete vya mpira vya Stiegmann, wa Marekani, vilivyotangazwa mwaka 1986, ambavyo hupitishwa kwa darubini ya tumbo na kuufunga mshipa uliovimba. Dawa ya praziquantel huua minyoo kabla ini halijaharibika, lakini kovu lililokomaa haliondoki kwa urahisi, na mvuvi aliyetibiwa asubuhi hurudi jioni katika maji yaleyale.