Ars: Kanisa la kijiji lililozidiwa na waungamaji

Kaskazini mwa Lyon, nchini Ufaransa, kuna uwanda wa Dombes, nchi ya mabwawa ya samaki na udongo wa mfinyanzi. Huko, kando ya kijito cha Formans, ndiko kiliko kijiji cha Ars.

Padri Jean-Marie Vianney alipofika hapo Februari 1818, Ars ilikuwa na wakazi wapatao 230 na haikuwa hata parokia kamili. Mnara wa kengele wa kanisa lake ulikuwa umebomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Padri mwenyewe, mtoto wa mkulima, alikuwa amesumbuliwa sana na Kilatini seminarini, nusura akose upadre.

Alianza na jengo. Mwaka 1820 akasimamisha mnara mpya wa matofali, kisha akaongeza vikanisa vya pembeni, kimoja baada ya kingine. Alikemea vilabu vya pombe na ngoma za Jumapili, na mwaka 1824 akafungua Providence, nyumba ya kusomesha na kulea wasichana maskini.

Lakini kilichoivumisha Ars ni kiti chake cha maungamo. Kufikia miaka ya 1850, mahujaji walifika kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Siku nyingine Vianney aliungamisha kwa saa 16, na bado walikuwepo waliolala kijijini wakingoja zamu. Zaidi ya mara moja alijaribu kutoroka ili akaishi upwekeni, lakini hakufika mbali.

Alifariki Agosti 4, 1859, na watu hawakupungua. Kazi ya kulipanua kanisa alipewa Pierre Bossan, ambaye pia alisanifu basilika ya Fourvière mjini Lyon. Bossan aliondoa sehemu ya altare tu, akaunga basilika yenye kuba kwenye kanisa kuukuu, mnara wa padri ukabaki mbele.

Papa Pio XI alimtangaza Vianney mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko wote. Ndiyo maana Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanazo parokia zenye jina la Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Anayekwenda Ars leo huingia kwanza katika kanisa la wanakijiji 230, ndipo afike kwenye basilika ulikolazwa mwili wake. Bossan angelibomoa kanisa kuukuu lote, ukubwa wa basilika usingemweleza mgeni lolote kuhusu udogo wa mahali padri huyo alipoanzia.