Datsun, Lancer na Porsche: tuliyoyaona Kenya

Wadau, hapa Nkubu ubishi ni huu: kampuni ya magari ya kawaida inaweza kushindana na wakubwa kwenye mbio, na sasa kwenye umeme?

Nusu ya swali ilijibiwa zamani na Safari Rally. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1974 Joginder Singh, na Lancer yake ya injini ya lita 1.6, alimwacha Björn Waldegård wa Porsche 911 nafasi ya pili. Porsche ilikuwa ya pili 1972 pia, na tena 1978. Ushindi wenyewe haikuupata. Kilomita elfu kadhaa za matope na mawe zilitaka gari gumu kuliko gari lenye kasi.

Kwenye umeme Nissan, mwenye Datsun, alitangulia: Leaf ilitoka 2010, Taycan ya Porsche 2019. Lakini betri ya Leaf ilitegemea hewa tu kupoa, na kwenye joto kali ilichoka mapema. Mota ya umeme inatoa nguvu papo hapo, kwa hiyo kuchomoka si kazi (hata pikipiki za umeme zinachomoka!). Kazi ni joto. Mimi ningeyapima kwenye milima na kona za barabara ya Embu, mara kumi mfululizo, gari likiwa limejaa watu.