Liemba, meli ya vita iliyorudisha wakimbizi Uvira

Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, meli yenyewe ndiyo makumbusho. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka wa 1913, wakaifungua vipande, ikaletwa kwa makasha na kuungwa tena Kigoma. Jina lake lilikuwa Graf von Goetzen. Mwaka wa 1916, waliposhindwa, wakaizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiinua, toka 1927 inaitwa Liemba.

Makumbusho ya Livingstone yako Ujiji, karibu tu, lakini pale habari kubwa ni ya wazungu wawili kukutana. Kwa watu wa Uvira, hadi huku Mutarule, mwaka wa kuulizia ni 1997: Liemba ilisaidia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokimbia vita ya Zaire. Mwenye mzee aliyepanda safari zile, amuulize kwanza, ndipo avuke.