Dua na sala katika hafla za serikali (Mwanza)

Desturi ya viongozi wa dini kuomba kabla ya hotuba za kiserikali, iliyozoeleka Mwanza kama kwingineko Tanzania. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 huitambua Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 huweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini wimbo wa taifa wenyewe ni ombi kwa Mungu. Mshereheshaji huwaita kwa zamu shehe, padri na mchungaji. Dua ikisomwa, Waislamu huinua viganja, Wakristo huinamisha vichwa.

Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara mkoani Mwanza, viongozi wa madhehebu mbalimbali waliwaombea marehemu kwenye maziko ya pamoja, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwepo. Penye msiba wa namna hiyo hoja ya katiba haina uzito. Ubishi hukolea kwenye uzinduzi wa miradi, hasa dua inapogeuka sifa za mgeni rasmi. Zamu ya shehe, padri na mchungaji, kwa kweli, hulinda usawa wa Waislamu na Wakristo tu. Wafuasi wa dini za jadi za Wasukuma na Wakerewe ni nadra kupewa kipaza sauti.